Aliyemimina Ndiye Huonja

Mkuu wa stesheni ya Mngeta alikuja na mke wake, na hapo ndipo nilipojua. Mtu mwenye salamu za kawaida hafuatani na mke wake saa za kazi. Watoto wangu wa chekechea walikuwa wakiimba namba. Walipoona kofia ya reli mlangoni wakanyamaza mmoja mmoja.

"Habari za kazi, Mwalimu Evelina."

"Nzuri. Shikamoo."

"Marahaba. Tumepata simu kutoka stesheni ya Ifakara. Ndugu zako wanaomba uende nyumbani. Mzee hajisikii vizuri."

Mke wake alikuwa ameshapita nyuma yangu na kunishika mabega, na khanga yake ya juu alikuwa ameshaifungua tayari kunifunga.

"Hajisikii vizuri tangu lini?"

"Tangu asubuhi." Akatazama viatu vyake. "Fungasha tu, mwanangu. Treni utaiwahi."

Alikuwa ameniita Mwalimu, sasa ananiita mwanangu.

Ningependa kuandika kwamba papo hapo nilimwomba Mungu ampokee baba yangu. Nilimwomba, lakini baadaye, nikiwa kwenye treni. Pale mlangoni, kabla hata ya machozi, wazo lililonijia lilikuwa hili: je, watu watakula chakula cha msiba wetu?

Asiyekuwa Ifakara miaka ile atashangaa. Binti anafiwa na baba, anawaza sufuria. Lakini kwetu, kwa miaka karibu minne, watu walikuwa hawali. Walikuja, walikaa, walisali, waliondoka. Na sababu yake ilikuwa chupa moja ya divai.

Baba yangu, Valeriani, alikuwa fundi baiskeli. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara iendayo kivukoni, kwa hiyo kila aliyetoka Lupiro, ng'ambo ya mto, na gunia la mchele au tenga la samaki alipita mbele yake. Alizijua baiskeli kwa sauti. "Ile gololi zimekwisha," angesema bila kuinua kichwa. "Msimwite. Atarudi mwenyewe akiikokota." Na kweli mtu angerudi akiikokota, na baba angempokea kana kwamba walikuwa wameahidiana.

Alizaliwa upande wa Malinyi, Mndamba, mtoto wa mvuvi, lakini mtoni hakupenda. Alisema mtumbwi ukiharibika huwezi kuugeuza miguu juu ukautengeneza huku unapiga hadithi. Kupiga hadithi ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza. Baiskeli ilikuwa ya pili.

Zamani alikunywa sana. Hilo halikuwa siri, maana lilitokea mpaka kanisani. Siku ya ubatizo wa mdogo wangu, mama alikuwa amechagua jina la Dionisi, jina la baba yake mzazi. Baba alipita kwanza kwenye kilabu cha pombe ya komoni, akafika kanisani mshumaa ukiwa umeinama mkononi. Padre akauliza, "Mtoto huyu anaitwa nani?" Mama hajafungua kinywa, baba akajibu kwa sauti ya mnadani, "Omega, Padre! Ndiye wa mwisho, nimechoka!" Kanisa zima likacheka. Maji yakamwagwa, jina likabaki. Omega alikuja kunizidi urefu na bado wazee walimuuliza kama baba yake amepumzika.

Mama hakucheka. Wiki ile ile baba alipiga magoti mbele ya altare, mashahidi wakiwa pembeni, akaapa kwamba hatatia pombe mdomoni mpaka aingie kaburini. Mmoja wa mashahidi alikuwa jirani yetu Agapiti, mvuvi, rafiki yake wa kilabuni, ambaye yeye mwenyewe hakuapa kitu. Baba akashika kiapo chake. Nikiwa mtoto nilitembea naye mara nyingi tukipita kilabuni. Aligeuza uso upande wa pili wa barabara na kunishika mkono kwa nguvu mpaka vidole viliniuma.

Miaka ile ya tisini mwanzoni walikuwepo Wahispania Ifakara, watu wa utafiti wa malaria. Mmoja wao, kijana mwembamba mwenye ndevu, alinunua baiskeli ya Kichina na hakujua kuiendesha kwenye matope. Kila wiki alikatika spoki. Alikaa kwenye benchi la kibanda akisubiri, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili, ndiyo maana alikisema kama fundi baiskeli. Siku ya kuondoka alimletea baba chupa ya divai nyekundu ya kwao, imefungwa kwenye gazeti.

"Hii si divai kubwa," alisema. "Bei yake ndogo. Kwetu ni ya kila siku, watu wote wanakunywa. Usiiweke kabatini, Valeriani. Kunywa nyumbani, na marafiki."

Baba aliona haya kumwambia mgeni anayeaga kwamba yeye hanywi. Akaipokea kwa mikono miwili. Lakini maneno yale, nyumbani, na marafiki, yalimkaa. Tangu aape hakuwa amemkaribisha mtu kinywaji chochote zaidi ya chai. Miaka yote ya ulevi alikunywa vya wenzake, vya Agapiti hasa, na hakuwahi kulipa fadhila. Akaona Mungu amemletea njia: atawapa marafiki wake kitu ambacho hakuna mtu bondeni aliyewapa, na yeye mwenyewe atakaa na maji yake, mwenye furaha.

Akawaita wawili, Jumapili ya Oktoba, mwezi wa Rozari, alasiri. Wa kwanza Agapiti. Wa pili Shilinde, Msukuma mwenye ng'ombe aliyehamia upande wa Lupiro, mtu mkubwa wa mwili na wa kicheko, ambaye alikuwa amekuwa rafiki wa baba kwa njia ya matairi. Mama aliposikia pombe inaingia nyumbani alichukua rozari yake. "Sitakaa chumba kimoja na hicho kitu," alisema, akaenda kwa Philomena, mke wa Agapiti, ambako jumuiya yetu ilikuwa inasali. Nyumbani tukabaki baba, wageni wake na mimi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri kazi, nikawapangia glasi za chai mezani.

"Wake zetu wanasali, sisi tunatenda," alisema Agapiti akikaa. Akaigeuza chupa. "Divai. Si ndiyo hiyo hiyo ya Padre? Tupige magoti?"

"Ya Padre imebarikiwa," baba alisema. "Hii bado."

"Basi ni ya watu kama sisi. Ifungue."

Hakukuwa na cha kufungulia. Baba akazungushia skrubu kwenye kizibo, akaivuta kwa koleo, na Shilinde akaishika chupa kati ya magoti kama anayekamua ng'ombe mkorofi.

"Vuta, fundi! Yule Mhispania aliifunga kwa ajili ya wezi!"

Nusu ya kizibo ikatoka. Nusu nyingine baba akaisukumia ndani kwa spoki, vipande vikaelea. Harufu ikatoka, harufu ya matunda yaliyolala. Nilimwona baba akivuta pumzi, halafu akaacha mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyesikia anaitwa kwa jina na mtu asiyemwona.

Akamimina glasi mbili. Ilikuwa nyekundu ya kuiva sana, ukiiweka kwenye kivuli inakuwa nyeusi.

"Na yako?" Agapiti akauliza.

"Mimi nina maji."

"Sawa, maji utakunywa. Lakini onja kwanza, tufuate."

Kwetu jambo hili halifundishwi. Ukimpa mtu kinywaji nyumbani kwako, iwe pombe, togwa, hata maji ya mtungini, unapiga funda moja mbele yake, halafu unampa. Aliyemimina ndiye huonja. Ni kusema moyo wangu ni safi na chombo changu ni safi. Hakuna anayelifikiria, kama vile hakuna anayefikiria kuvua viatu mlangoni. Baba alikuwa amepanga glasi, amepanga viti, amepanga hata mazungumzo. Hilo hakulipanga.

Aliinua glasi ya Agapiti. Ikafika kidevuni. Akairudisha mezani.

"Siwezi."

"Tone tu. Uliapa kutokunywa, hukuapa kutoonja."

"Nimeapa, Agapiti. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Ndiyo maana nashangaa. Mtu aliyeapa anaita watu waje kunywa nini?"

Alisema kwa utani. Lakini baba alikuwa amekwisha kutoka jasho, na mtu akitoka jasho mbele ya kinywaji chake mwenyewe, utani hauendi mbali. Akatafuta pa kutokea, akaniona mimi.

"Evelina ataonja. Ni sawasawa na mimi."

Nikanyoosha mkono. Agapiti akaiwahi glasi na kuivuta kwake.

"Valeriani! Unamtanguliza mtoto?"

Mpaka leo nikikumbuka sauti ile napata baridi. Haikuwa kali. Ilikuwa ya mtu aliyeona kitu ambacho hakutaka kukiona.

Shilinde ndiye aliyetuokoa, au alijaribu. Akacheka kicheko chake chote. "Leteni huku! Mimi nikifa, ng'ombe wangu watakuja kula kibanda chake chote, na pampu." Akapiga funda kubwa. Uso ukajikunja, midomo ikavutika kama mtu aliyetafuna ndizi mbichi. "Eee! Hii ni dawa ya nini?"

Agapiti akasukuma glasi yake katikati ya meza na kukunja mikono.

Basi Shilinde, kwa huruma tu, alikunywa yake na akaichukua ya mwenzake. Kila funda alimtazama baba kuona kama uso wake unarudi. "Sasa naipata. Mwanzo inakausha ulimi. Halafu, ngoja, halafu inakuja kama zambarau. Zambarau zilizoanguka zenyewe. Sio mbaya, fundi! Ya tatu itakuwa tamu." Alipomaliza akanitolea ulimi niuone, umekuwa zambarau kabisa, karibu mweusi, kama wa mtoto aliyeshinda mtini. Nikacheka. Baba naye akacheka kidogo. Shilinde akaondoka jua likiwa bado juu ili akiwahi kivuko, na kule kivukoni pia aliwatolea watu ulimi, akiwaambia amekunywa kwa Valeriani kitu cha Wazungu.

Siku chache baadaye tukasikia Shilinde ana homa kali, anatapika, hajui watu. Ndugu zake wakamchukua, wakamsafirisha mpaka kwao Usukuma, kwa mtaalamu wao. Huyo akasema amelishwa kitu na rafiki.

Agapiti hakutunga uongo. Hilo nalisema mbele za Mungu. Watu walipomuuliza, alisema alichokiona: Valeriani alikataa kuonja, alitaka binti yake aonje, alikuwa anatoka jasho. Watu wa kivukoni nao walisema walichokiona: ulimi wa yule Msukuma ulikuwa mweusi. Kila neno lilikuwa kweli. Ukiyaweka pamoja, baba yangu ni mchawi.

Hakuna aliyetutupia jiwe. Ingekuwa afadhali, maana jiwe unaweza kulishtaki. Zamu ya jumuiya kusali kwetu ilipofika walikuja wote, wakaimba vizuri, wakaombea wagonjwa. Mama akaleta chai na maandazi. "Nimetoka kunywa sasa hivi, Mama Evelina." "Tumbo linanisumbua." "Mimi nimefunga." Jioni ile mama alirudisha chai kwenye sufuria, kikombe kimoja baada ya kingine. Asubuhi tukainywa sisi. Tuliinywa mpaka ikaisha, na nilipotoka kwenda kisimani nilipita njia ya nyuma.

Shilinde alipona. Alirudi bondeni baada ya mavuno, amekonda. Baba alifurahi, akaona sasa mambo yatakwisha: mwenyewe atakuja, atasema, watu watasikia. Alimtumia salamu kwa wavuka mto. Salamu zikarudi na neno moja, "Amesikia." Akatuma tena. Shilinde akawa anapita barabara ya juu, na baiskeli zake zikatengenezwa na fundi wa Lupiro ambaye baba alimwita mchinjaji.

Tangu hapo baba alianza kuonja kila kitu. Mtu akiomba maji kibandani, atapiga funda moja, mbili, akimtazama machoni. Akinipa uji, ameonja. Omega alipougua na kupewa dawa ya maji hospitalini, baba alilamba kijiko kwanza. Hata wageni wasiojua habari zetu aliwaonjea kwa haraka na bidii, kwa namna iliyowafanya waanze kuogopa. Mama alimwambia, "Acha, Baba Omega, unajitangaza." Hakuweza kuacha. Nilimwonea aibu. Halafu nikajionea aibu mwenyewe kwa kumwonea aibu mtu ambaye hakufanya kosa.

Siku moja tukiwa wawili kibandani, mimi niko likizo kutoka Mngeta, nilimwuliza kwa nini hakumwomba Padre ruhusa ya tone moja. Alikuwa anasugua kiraka cha tairi. Akaendelea kusugua muda mrefu kuliko kiraka kilivyohitaji.

"Haikuwa kiapo, Evelina. Niliogopa tone. Nilipoisikia ile harufu nilijua nikilamba, nitaimaliza chupa, halafu nitakwenda kilabuni na nguo hizi hizi."

"Sasa si ungewaambia? Agapiti angeelewa. Yeye ndiye anakujua."

"Nimwambie Agapiti kwamba mimi, mzee, naogopa glasi moja ya divai? Niliona haya. Nikasema bora wanione mtakatifu." Akalipulizia vumbi lile tairi. "Wakaniona mchawi."

Halafu akacheka, na mteja akaja, na hatukuzungumza tena. Alichokitaka kilikuwa kidogo. Hakutaka kuombwa msamaha. Alitaka Shilinde aseme mbele ya watu kwamba hakulishwa kitu. Mwaka ukaisha, na mwingine, na mwingine. Asubuhi moja ya mvua, alipokuwa akijaza upepo baiskeli ya mwanamke mmoja wa Lupiro, akaanguka juu ya pampu. Yule mwanamke ndiye aliyeita watu.

Basi hilo ndilo nililolibeba kwenye treni. Nilisali Rozari nzima, na kila nilipofika mwisho wa fumbo niliona sufuria zimejaa na watu wamekunja mikono.

Na ndivyo ilivyokuwa nilipofika. Ule ulikuwa mwaka wa mvua zisizokatika, uwanja umekuwa matope, majirani wamekaa chini ya turubai, wengi, kuliko nilivyotegemea. Wanaopika walikuwa shangazi zangu kutoka Malinyi. Wali ulikuwa tayari, maharage tayari, na walioshika sahani walikuwa ndugu tu. Philomena alikuja amebeba chungu chake mwenyewe kichwani, chakula alichokipika kwake, akakiweka karibu na majirani. Aliletea msiba chakula, kama inavyopasa. Nilimshukuru. Mama, kwenye mkeka, aligeuza uso ukutani.

Mwili ulikuwa ndani. Nilikaa naye. Walikuwa wamemvalisha suti ya ndoa yake, na weusi wa grisi kwenye kucha haukuwa umetoka.

Karibu na saa ya kuaga, Omega akaja kuniita. "Dada, yuko mtu nyuma. Hataki kuingia."

Alikuwa Shilinde. Suruali imelowa mpaka kiunoni, kofia mkononi, nywele zimekuwa nyeupe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, ng'wanone." Aliniita mtoto wangu, kwa Kisukuma, kama zamani. "Nimesikia kivukoni. Pole. Pole sana."

Nilitaka kumpa kiti. Nilitaka pia kumfukuza. Nikasimama tu kwenye ukingo wa paa, maji yananidondokea bega moja.

"Ile divai haikuniumiza," alisema. "Nilikuwa na homa kabla. Asubuhi ya siku ile nilikuwa natetemeka, nikaja hivyo hivyo kwa sababu rafiki ameniita. Nilijua mwenyewe."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukusema?"

Aliizungusha kofia. "Nilipopata akili, wazee walikuwa wameshamaliza shauri. Kaka yangu mkubwa amekaa kwa yule mtaalamu, ametoa ng'ombe. Nimwambie ametoa bure? Mbele ya ukoo wote? Niliona haya. Nikasema nitakwenda kwa Valeriani polepole, tutacheka. Kila nikishuka kivukoni miguu inakataa. Nilimwonea haya yule mzee kuliko nilivyomwogopa mtu yeyote."

Baba aliona haya kwa rafiki yake, rafiki akaona haya kwa kaka yake, na sisi tukaona aibu kwa wote. Hiyo ndiyo ilikuwa sumu, kama ilikuwepo sumu. Sikumwambia hivyo. Nilisema, "Kaseme kule mbele."

"Kiswahili changu..."

"Kaseme, baba. Hana siku nyingine."

Omega alisoma wasifu: kuzaliwa, kubatizwa, kufunga ndoa, watoto. Ulikuwa mfupi na haukuwa na divai ndani yake. Kiongozi wa jumuiya akauliza kama kuna mwenye neno la majirani. Agapiti, aliyekuwa amepangwa kusema, akainuka, akamwona Shilinde anakuja katikati ya matope, akakaa.

Shilinde alisimama karibu na mlango, hakuangalia watu, aliangalia nguzo ya turubai.

"Mimi naitwa Shilinde. Poleni. Nilikunywa hapa, nikaumwa. Ugonjwa ulikuwa wangu, nilikuja nao kutoka nyumbani. Valeriani hakunipa kitu kibaya." Watu wakadhani amemaliza. "Na ulimi ule ni rangi ya kinywaji. Uliisha nilipoosha kinywa."

Mtu mmoja nyuma akaachia kicheko, akakimeza. Mvua ilisikika kwenye turubai. Kiongozi wa jumuiya akakohoa na kusema, "Tumepokea."

Nilikuwa nimesubiri maneno yale kwa miaka, nikidhani siku yakisemwa nitapiga vigelegele. Nilijisikia nimevuliwa nguo. Yalikuwa maneno machache kiasi kile, mtu angeweza kuyasema amesimama na baiskeli mkononi bila hata kuegesha, na ilibidi jeneza liwepo ndipo yasemwe. Nilimwona Agapiti ameinamisha kichwa, mikono kati ya magoti. Hakulia. Baadaye aliinuka, akaenda peke yake mpaka kwenye sufuria za shangazi, akajipakulia wali na maharage, akala amesimama, anatafuna kwa shida kama mgonjwa. Philomena akamfuata. Halafu wengine. Si wote. Wapo walioendelea kukaa na mikono mapajani, na siwezi kusema walikuwa wamefunga, wala siwezi kusema hawakufunga.

Tukaaga. Ndugu walitangulia, halafu jumuiya, halafu yeyote. Mama alimgusa paji la uso, akamwita kwa jina lake la utotoni ambalo sikuwa nimewahi kulisikia. Omega alitaka kusimama muda mrefu, wakamwondoa taratibu. Agapiti alipofika alibaki pale, midomo inacheza. Sikusikia alichosema na sikutafuta kukijua.

Kanisani Padre alikuwa amechelewa kwa sababu ya barabara, tukaimba mpaka akafika. Misa ilikuwa fupi. Kwenda makaburini walibeba wanaume kwa zamu. Shilinde alipewa nafasi upande wa miguu, na kwa kuwa ni mrefu, jeneza liliinama kidogo kuelekea kichwani njia nzima. Kaburi lilikuwa na maji. Vijana walikuwa wameyachota tangu asubuhi na bado yalirudi, kwa hiyo waliweka majani ya mgomba chini, juu yake mbao. Padre akanyunyiza maji ya baraka, akasali sala ya marehemu, sisi tukaitikia. Mama alitupa udongo wa kwanza, ukashikana na vidole vyake kwa utelezi, ikabidi aupanguse. Kisha mimi, kisha Omega. Wanaume wakafukia. Waliposimamisha msalaba uliinama, wakautoa, wakachimba zaidi, wakausimamisha tena. Ulikuwa na jina lake na mwaka wa kuzaliwa na mwaka ule. Watu wakaweka maua, wakatushika mikono, na kabla ya jua kuzama tukarudi nyumbani kwa miguu.